Mfalme wa Wakanda na Kalamu Zinazopokezana

Novemba 1976 jarida la katuni la Jungle Action lilitoka kwa mara ya mwisho, likiwa toleo namba 24. Shujaa wake, T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda ajulikanaye zaidi kwa jina la Black Panther, alikuwa katika jimbo la Georgia, Marekani, akichunguza kifo cha dada wa mpenzi wake, Monica Lynne. Katika uchunguzi huo alikuwa amekwisha kupambana na Ku Klux Klan, akafungwa kwenye msalaba, na msalaba ukawashwa moto. Hadithi ilikuwa bado inaendelea. Januari 1977 kampuni iliyokuwa ikilichapisha jarida hilo, Marvel, ikatoa jarida jipya lililoitwa Black Panther, toleo namba 1. Msomaji aliyelifungua ili ajue nani alimuua yule dada alimkuta T'Challa akikimbizana na matajiri wa ajabu wanaogombea chura wa shaba, mali ya Mfalme Suleiman, mwenye uwezo wa kufungua mlango wa wakati. Habari za Georgia hazikuwamo, za Klan hazikuwamo, na Monica hakuonekana.

Kilichobadilika hapo katikati ni mwandishi. Don McGregor, aliyemwandika T'Challa tangu 1973, alikuwa ameondolewa. Jack Kirby, aliyembuni T'Challa pamoja na Stan Lee mwaka 1966 katika Fantastic Four namba 52, alikuwa amerudi Marvel baada ya miaka kadhaa ya kuwachorea washindani wao wa DC. Vazi jeusi lilikuwa lilelile, madini ya vibranium yaleyale, lakini mtu aliyekuwa ndani ya vazi lile alikuwa mwingine kabisa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Aliyemfuata Juha Kalulu katika Taifa Leo alijua kuwa Juha Kalulu ni wa Edward Gitau, kwani ndiye aliyemchora na kumtilia maneno mdomoni kwa miongo mingi. Mashujaa wakubwa wa katuni za Marekani hawako hivyo. Hao ni mali ya kampuni. Mwandishi hupewa kazi, hulipwa kwa kurasa alizoandika, na akiondoka anamwacha mhusika palepale alipomkuta, amepona au amejeruhika. Superman alianza mwaka 1938 na Batman mwaka 1939. Waliowabuni wamekwisha kufariki, na wahusika wenyewe wangali wanatoka kila mwezi. Mfululizo wa namna hii haukusudiwi kuisha, kwa hiyo lazima upokezane kalamu, na kila kalamu inapobadilika kuna kitu kinapotea na kingine kinazaliwa.

Mashabiki hupenda kubishana juu ya nani aliandika vizuri kuliko nani. Ubishi huo una raha yake, lakini haufiki mbali. Swali linalozaa zaidi ni lile la urithi: mwandishi mpya amefanya nini na alichokikuta mezani? Amekifuta? Amekirudia kama kilivyokuwa? Au amekisoma kwa makini mpaka akaona ndani yake jambo ambalo hata aliyekiandika hakuliona? Nimemchagua T'Challa kwa sababu amepita katika mikono mingi, na kwa sababu kinachobadilika kwake kila mara ni kikubwa kuliko yeye. Ni sura ya nchi ya Kiafrika isiyowahi kutawaliwa na mkoloni, na kila mwandishi ameichora upya kwa kadiri ya imani yake.

Turudi kwa McGregor, maana kwake ndiko kila kitu kilikoanza kupata uzito. Lee na Kirby walikuwa wamempa T'Challa mambo ya kutosha: baba aliyeuawa na mwizi wa vibranium, Ulysses Klaw, msitu uliojaa mitambo, akili ya kuwazidi ujanja mashujaa wanne aliowakaribisha kisha akawawinda. Ilikuwa hatua kubwa, kwani hakuwa amewahi kutokea shujaa mweusi wa aina hiyo katika majarida makubwa ya Marekani. Mwaka 1968 mwandishi mwingine, Roy Thomas, akamwingiza katika kundi la Avengers, akamhamishia New York, na baadaye akamfanya mwalimu wa shule huko Harlem kwa jina la bandia. Wakanda ikabaki nyuma, ikitajwa mara mojamoja.

McGregor alikuwa msahihishaji katika ofisi za Marvel. Miongoni mwa yaliyopita mikononi mwake ni Jungle Action, lililokuwa likichapisha upya hadithi za miaka ya 1950 ambamo Wazungu wanatawala msitu na Waafrika wanabeba mizigo. Alilalamika. Jibu lilikuwa apewe jarida hilo alijaze yeye, na mhusika akawa T'Challa. Kuanzia namba 6, Septemba 1973, hadi namba 18, Novemba 1975, aliandika simulizi moja ndefu iitwayo Panther's Rage, kwa michoro ya Rich Buckler, Gil Kane na hasa Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache sana wa zama zile.

Angalia jinsi alivyoutumia urithi wa Thomas. Mwandishi mwingine angemrudisha mfalme nyumbani, akasahau yale ya New York. McGregor alijiuliza: nchi ambayo mfalme wake anaishi ng'ambo miaka yote hiyo, akicheza ushujaa na Wamarekani, itakuwa katika hali gani? Jibu lake lilikuwa Erik Killmonger na uasi. W'Kabi, mkuu wa usalama, anamtazama mfalme kwa uchungu wa mtu aliyeachiwa kazi peke yake. Monica, mgeni kutoka Marekani, haaminiki kwenye jumba la kifalme. Kosa la kiuandishi, kama tuliite hivyo, la kumhamisha mfalme kutoka nchi yake, linageuka kuwa kosa la mfalme mwenyewe, na raia wanamdai. Katika sura ya kwanza kabisa Killmonger anamnyanyua T'Challa na kumtupa kutoka juu ya maporomoko ya maji. Sura kumi na kadhaa baadaye anayemsukuma Killmonger huko chini ni mtoto, Kantu. Mfalme na nguvu zake zote hakuweza.

Jarida lilitoka kila baada ya miezi miwili, likawa na ramani ya Wakanda yenye majina ya mito na mabonde. Ofisini aliulizwa Wazungu wako wapi. Aliwakatalia nafasi, kwa hoja nyepesi: hapa ni Wakanda, wangetoka wapi? Mtindo wake una uzito wa maneno, visanduku vya maelezo vimejaa mpaka picha inakosa pumzi, na mimi husoma baadhi ya kurasa zake mara mbili ndipo zinieleweke. Lakini anayeisoma kazi hiyo anaondoka akijua T'Challa anaumwa wapi, mwilini na moyoni.

Ndiyo maana chura wa shaba wa 1977 aliwauma watu. Kirby alikuwa na haki zote za kisanii. Ni yeye aliyemchora T'Challa wa kwanza, na kurasa zake za wakati ule zina nguvu ya mwendo ambayo Jungle Action haikuwa nayo. Hata hivyo aliandika kama mtu aliyeondoka chumbani mwaka 1968 na kurudi bila kuuliza wenyeji yaliyotokea akiwa hayupo. Jarida lilifika namba 12 mikononi mwake, likafa mwaka 1979 likiwa na namba 15, na ile hadithi ya Georgia ilimaliziwa na mwandishi mwingine, Ed Hannigan, katika jarida la Marvel Premiere, miaka mitatu baada ya kukatwa. Kwangu mimi hapa pana fundisho lenye uchungu: kumbuni mhusika hakumpi mtu ruhusa ya kutosoma waliomwandika baada yake.

Baada ya hapo T'Challa alizurura. Palikuwa na mfululizo mfupi wa Peter Gillis mwaka 1988, na McGregor alirudi mwaka 1989 na simulizi ya kumtafuta mama yake, Ramonda, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kazi zenye heshima, lakini hazikumpa jarida la kudumu. Kilichomrudisha hasa ni mwaka 1998 na mtu anayeitwa Christopher Priest.

Priest, ambaye awali aliandika kwa jina la Jim Owsley, alikuwa mhariri mweusi wa kwanza katika kampuni kubwa za katuni za Marekani. Alipopewa Black Panther hakuifurahia kazi hiyo mara moja. Alijua kwamba T'Challa, kwa wasomaji wengi wa wakati ule, alikuwa mtu anayesimama nyuma katika picha za pamoja za Avengers, hana la kusema. Suluhisho lake ninaliona kuwa mojawapo ya maamuzi makubwa ya kiuandishi katika fani hii yote, nami nitalikaribia.

Fungua toleo namba 1 la Novemba 1998. T'Challa hayupo. Yupo Mzungu mwembamba, Everett K. Ross, afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, amekaa juu ya choo bila suruali, bastola mkononi, akimhofia panya. Ni huyu atakayetusimulia, tena kwa kurukaruka, mwisho kabla ya mwanzo, huku bosi wake akimkatiza kila dakika kumwuliza ameifikaje hali hiyo. Mfalme tunamwona kwa macho ya Ross tu. Hatupewi mawazo yake. McGregor alikuwa ametufungulia kifua cha T'Challa kwa maneno mengi, Priest alikifunga. Anaongea kidogo, anapanga hatua kumi mbele, na hakuna anayejua anakusudia nini mpaka imekwisha kutendeka. Kwa kuinyamazisha sauti ya ndani, Priest alimrudishia mhusika jambo lililokuwa limepotea: hofu anayostahili mkuu wa nchi.

Hilo ni badiliko la sauti. Lililofuata lilikuwa badiliko la yaliyopita, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana zaidi. Katika toleo la mwaka 1999 T'Challa anawaambia Avengers sababu ya kujiunga nao: alikwenda kuwapeleleza. Alikuwa mfalme, kumezuka kundi la watu wenye nguvu za kutisha katika nchi ya kigeni, naye akaenda kuona kama ni hatari kwa raia wake. Hakuna hata picha moja ya mwaka 1968 iliyobadilishwa. Roy Thomas aliandika alichoandika. Lakini msomaji akirudi sasa kwenye majarida yale ya zamani, kila mara T'Challa anaposimama pembeni kimya, kimya chake kina maana. Udhaifu wa miaka thelathini uligeuzwa kuwa ujanja wa miaka thelathini.

Uwezo huu wa kugeuza maana bila kugusa maandishi ndio silaha kali kuliko zote za mwandishi mpya. Alan Moore aliitumia mwaka 1984 alipopewa Swamp Thing, jarida lililokuwa linadhoofika: katika toleo namba 21 alieleza kwamba yule zimwi wa kinamasi hakuwa mwanasayansi Alec Holland aliyegeuka mmea, kama wote walivyodhani, alikuwa mmea uliomeza kumbukumbu za Holland na kujidhania mtu. Frank Miller naye, aliyeanza kuandika Daredevil kwa namba 168 mwaka 1981, alimpachika Matt Murdock, ndiye Daredevil mwenyewe, mpenzi wa chuoni ambaye hakuwahi kutajwa, Elektra, na ghafla ujana wote wa mhusika ukawa na kidonda. Jambo hili lina hatari zake. Likifanywa na mvivu, ni uongo anaoambiwa msomaji aliyenunua matoleo ya nyuma. Likifanywa na aliyesoma, linaongeza thamani ya hayo matoleo ya nyuma.

Priest alikuwa amesoma. Alimrudisha Killmonger wa McGregor. Alibuni Dora Milaje, wasichana walinzi wa mfalme, Okoye na Nakia wakiwa wa kwanza. Na, jambo ninalomheshimia sana, hakumwonea haya hata yule chura wa Kirby: alimwingiza katika hadithi yake, akamfanya sababu ya kumleta T'Challa mwingine, mchangamfu wa mtindo wa 1977, asimame uso kwa uso na T'Challa wake mkimya. Upuuzi uliokuwa umewaudhi watu kwa zaidi ya miaka ishirini ukapata kazi ya kufanya. Mfululizo wake haukuwahi kuuza sana, lakini ulidumu hadi namba 62 mwaka 2003.

Alipoondoka Priest, akaja Reginald Hudlin mwaka 2005, mtengenezaji filamu, pamoja na mchoraji John Romita Jr. Hapa mkono unabadilika tena kabisa. Hudlin hakuwa na haja ya mafumbo. Kurasa zake za mwanzo zinaonyesha wavamizi wa karne ya 5 wakiishia mpakani mwa Wakanda, kisha wavamizi wa Kizungu wa karne ya 19 wakiishia palepale na bunduki zao. Aliandika upya kifo cha baba, T'Chaka. Akampa T'Challa dada, Shuri, anayetaka naye kushindania kiti cha enzi. Alisimulia kana kwamba ufalme wa T'Challa ndio kwanza unaanza, jambo lililowachanganya waliomfuata tangu Priest. Wapo waliomkasirikia kwa hilo, na hoja yao ina msingi. Hata hivyo nathamini alichokileta: Wakanda yenye kujiamini, isiyoomba radhi kwa kushinda, iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji mweusi kwanza. Priest alihitaji Ross awe dirisha la msomaji. Hudlin aliona msomaji wake hahitaji dirisha.

Ni Hudlin pia aliyemwoza T'Challa kwa Storm mwaka 2006, na ndoa hiyo inastahili kuangaliwa kwa sababu inatuhusu kwa karibu. Storm, yaani Ororo Munroe wa kundi la mashujaa la X-Men, alitokea mara ya kwanza mwaka 1975. Mwaka uliofuata Chris Claremont, aliyeandika X-Men kwa miaka kumi na sita mfululizo, alimpa asili kamili: baba Mmarekani mpiga picha, mama Mkenya, utoto wa uyatima Cairo. Mwaka 1980, katika hadithi fupi ya nyongeza, Claremont huyohuyo aliandika kwamba Ororo na T'Challa waliwahi kukutana barani Afrika wakiwa vijana. Kurasa chache tu. Zikalala robo karne, mpaka Hudlin alipozichukua na kuzifanya arusi ya kifalme. Mwaka 2012 Hudlin alikuwa amekwisha kuondoka, Avengers na X-Men wakapiganishwa katika hadithi kubwa ya kuvuka majarida mengi, na ndoa ikabatilishwa kama tukio dogo pembeni. Mhusika anapokuwa na makazi katika majarida mawili, furaha yake iko mikononi mwa watu wasioketi meza moja. Sidhani kama uamuzi ule ulimtendea haki Ororo.

Si kila badiliko hutoka kwa mwandishi, na ni vizuri kulisema hili waziwazi kabla lawama hazijaelekezwa pasipostahili. Mwaka 2007 ndoa ya Spider-Man na Mary Jane, iliyodumu katika majarida kwa miaka ishirini, ilifutwa kwa mapatano na shetani. Mwandishi, J. Michael Straczynski, alitamka hadharani kwamba hakukubaliana na hatua hiyo na kwamba alifikia kutaka jina lake liondolewe. Iliamuliwa juu yake, na mhariri mkuu wa wakati ule, Joe Quesada, aliitetea. Yaani jina lililo kwenye jalada si mara zote ndilo lililoshika kalamu ya mwisho.

Na biashara nayo ina neno lake. Siku hizi mwandishi mpya karibu kila mara hupewa namba 1 mpya, kwa kuwa namba 1 inauza. Black Panther imeanza upya mwaka 2005, 2009, 2016, 2018, 2021 na 2023. Utaratibu huo unamwambia msomaji kwamba yaliyotangulia hayana ulazima, na unamwambia mwandishi kwamba hana miaka ya kujenga kama aliyopata Priest.

Ta-Nehisi Coates alikuwa na jina kubwa kuliko mwandishi yeyote aliyewahi kupewa T'Challa. Alikuwa mwanahabari na mwandishi wa insha aliyepata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2015. Toleo lake namba 1, Aprili 2016, lilipelekwa madukani kwa zaidi ya nakala 250,000, idadi kubwa mno kwa jarida la shujaa huyu. Matoleo yaliyofuata yalishuka sana, kama kawaida ya namba 1. Wengine walimwona mzito na mpole wa vitendo. Kweli, mapigano si fani yake. Lakini katika suala la urithi sioni aliyemshinda isipokuwa Priest.

Fikiria alichokikuta. Katika miaka michache kabla yake, waandishi mbalimbali waliohitaji tukio la kushtua walikuwa wameiharibu Wakanda kila mmoja kwa zamu: Doctor Doom aliivamia, Namor akaizamisha kwa mafuriko mwaka 2012, majeshi ya Thanos yakafuata. Hakuna aliyebaki kuwahesabu wafu. Coates alisoma majanga hayo yote kama historia ya watu halisi, akauliza: raia waliozikwa namna hii wanamwonaje mfalme wao? Katika kurasa za mwanzo T'Challa anasimama mbele ya wachimba migodi wa vibranium, na wanamgeukia kwa hasira. Anapigana na watu wake mwenyewe, anapiga magoti, damu inamtoka. Kisha tunapelekwa kwenye hukumu ya Aneka, nahodha wa Dora Milaje, aliyehukumiwa kifo kwa kumuua chifu aliyewanyanyasa wanawake. Mwenzake na mpenzi wake, Ayo, anamtorosha, na wawili hao wanaanza kupigania wanawake ambao kiti cha enzi kimewasahau.

Hapo Coates alimsoma hata Priest kwa jicho kali. Dora Milaje wa 1998 walikuwa walinzi waliokuwa pia wachumba wa mfalme kwa jina, na Nakia wa Priest aliishia kuwa mwanamke aliyeharibiwa na mapenzi ya upande mmoja. Coates aliuliza wasichana hawa wanataka nini wenyewe. Na akauliza swali lililokuwa limekaa mezani tangu 1966 bila mtu kulishika: nchi yenye elimu kuliko zote duniani inakubalije kutawaliwa na mtu mmoja kwa sababu ya damu yake? Simulizi yake inaishia kwenye katiba. Wakanda ya Hudlin na Wakanda ya Coates zina ramani moja, lakini katika moja adui yuko nje ya mpaka, na katika nyingine deni liko ndani. Anayetoka katika nchi zetu ataona haraka kwamba zote mbili zina ukweli.

John Ridley, aliyepokea mwishoni mwa 2021, alirudi kwenye upelelezi wa Priest: mfalme aliyepandikiza majasusi wa siri duniani kote, na sasa wanauawa. Uzi uliosukwa mwaka 1999 ulikuwa bado una nguvu ya kuvutwa.

Filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018 inasaidia kuona mizania ya miaka hiyo yote. Klaw ni wa Lee na Kirby. M'Baku ni wa Roy Thomas na John Buscema. Killmonger, maporomoko ya maji na Ramonda ni wa McGregor. Okoye na Dora Milaje ni wa Priest na mchoraji wake wa kwanza, Mark Texeira, na Ross pia ni wa Priest. Shuri ni wa Hudlin na Romita. Nakia aliyechezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya ana jina alilobuni Priest, lakini ni mtu mwingine: jasusi mwenye msimamo wake, asiyemwangukia mfalme. Coogler na mwenzake Joe Robert Cole walifanya kazi ileile inayofanywa na mwandishi mpya wa jarida. Walisoma yote, wakachukua yaliyoishi, wakarekebisha lililokuwa limekosewa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mwandishi mpya ameliua jarida au ameliokoa, sitazami mauzo ya miezi mitatu. Natazama kama kuna mtu, miaka kumi baadaye, anayeona haja ya kuokota alichokiacha. Kwa kipimo hicho McGregor, aliyefutwa mwaka 1977, ndiye aliyeshinda.

Kwa msomaji anayemjua T'Challa kwa filamu peke yake, ombi langu ni asianze na namba 1 mpya. Mwaka 2022 Penguin Classics walikusanya katika kitabu kimoja hadithi ya kwanza ya Lee na Kirby pamoja na Jungle Action namba 6 hadi 21. Aanze hapo, aende kwa Priest, kisha kwa Coates, na kila anapofungua jarida alitafute kwanza jina la mwandishi.